Kukaa Mbele ya Mkwe

Watu wakiniuliza, huwa nawaambia ilikuwa habari ya macho. Wakinibana zaidi nasema ilikuwa presha. Ukweli wenyewe ni kwamba ilikuwa habari ya makalio, na hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo, mama mzima mwenye wajukuu, kwa sababu makalio yenyewe ni yangu na mbele yake alikuwepo mkwe wangu.

Macho yalianza kuniharibikia polepole. Mwanzo nililaumu taa. Kisha nikalaumu moshi wa jikoni. Siku moja nilichambua maharage, nikayapika, nikawakaribisha majirani, na mmoja akasema, "Mama, leo umetupikia na kokoto." Nilimjibu vibaya. Ulimi wangu haujawahi kungoja ruhusa, kijijini kwetu Nyakitonto wote wanaujua, na siku hiyo nilimwambia kama meno yake ni mabovu akang'olewe. Lakini walipoondoka nilibaki nimeinamia sufuria, napapasa maharage kwa vidole, nalia. Nilikuwa nimejua tangu zamani kwamba sioni. Nilikuwa namficha nani?

Kilichoniuma zaidi ni mjukuu. Binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi pale Kasulu mjini, alikuwa amejifungua, na mtoto akaletwa nikapakatishwa. Nikamnusa, nikamshika vidole, nikasema ni mzuri sana, na wote wakafurahi. Sura yake sikuiona. Niliona duara tu, jepesi, linasogea. Watu waliposema kafanana na marehemu babu yake niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi binti akanichukua kwa nguvu mpaka kwa madaktari wa macho. Hao hawakai Kasulu. Wanakuja kwa msimu, wanapasua watu, wanaondoka. Wakaniangalia kwa taa yao wakasema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na la kulia limekomaa. "Hili linapasuliwa, mama, na utaona." Nikashukuru Mungu kwa Kiha na kwa Kiswahili. Halafu wakanipima presha, wakaguna. Presha ilikuwa juu mno. Wakanieleza kwamba wakinipasua katika hali ile jicho linaweza kuvuja damu ndani, na badala ya kunipa macho watakuwa wameninyang'anya. Nianze dawa, nipimwe kila wiki pale kituo cha afya. Wakirudi, wakikuta imeshuka, watanipasua. Wasipokuta hivyo, nisubiri msimu mwingine.

Sasa sikiliza balaa. Pale kituoni, muuguzi aliyekuwa akipima presha alikuwa likizo ya uzazi. Aliyebaki kupima ni tabibu, na tabibu mwenyewe ni mume wa binti yangu.

Utasema, si afadhali, ni mtu wa nyumbani? Ndiyo maana nasema sikiliza. Sisi Waha, hasa tuliolelewa Kitahana huko Kibondo na mama zetu wa zamani, mkwe si mtu wa kuzoeana. Ukimwona njiani unapisha. Humshiki mkono, huli naye, humtazami usoni. Mkisalimiana kila mtu anachuchumaa upande wake, mnapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, macho chini, habari za nyumbani, habari za shamba, habari za majirani, mpaka magoti yanalia, na hakuna anayethubutu kuinuka wa kwanza. Na kukaa! Kukaa mbele ya mkwe ni kazi ya kufundishwa. Mama yangu alinifundisha kwa kunifinya paja. "Mbele ya mkwe hutui kama gunia la mihogo," alisema. Unagusa kiti kidogo tu, kwa ncha, ili ionekane umekubali ukarimu, ila uzito wako unabaki juu ya miguu yako mwenyewe. Kiti ni cha mkwe, uzito ni wako. Ukijimwaga, umemvua nguo.

Na si maneno tu. Mama yangu huyo alikuwa akija kunitembelea nilipoolewa, na mbele ya mume wangu hakuegemea hata siku moja. Anakaa pembeni mwa kiti kama ndege juu ya waya, anaongea, anakunywa togwa, anaondoka. Hata alipozeeka. Nilimwonea fahari. Nilisema, na mimi nikipata mkwe nitamheshimu hivyo hivyo.

Vijana wa siku hizi wanacheka. Wanakaa na wakwe zao sebuleni wanaangalia mpira, wanagombania rimoti. Sawa, kila mtu na zamani zake. Mimi sikuzaliwa siku hizi.

Siku ya kwanza niliingia pale chumbani nimejifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso. Kulikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa, kigoda cha tabibu, na benchi ukutani la wanaosubiri. Hayo nayajua kwa kupapasa na kwa kuambiwa. Nilichokiona mimi ni ukungu mweupe wenye sauti ya mkwe wangu.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, baba."

"Karibu mama, kaa."

"Nimekaa, baba."

Nilikuwa nimekaa kwa namna ya mama yangu. Nimegusa. Mapaja yamekaza, nyayo zimekanyaga sakafu barabara, na nimeshika ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto nisije nikaanguka. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Naomba mkono, mama."

Ye mama we! Mkono mtupu! Mpaka begani! Nikamnyooshea huku nimegeuza uso ukutani. Akauzungushia ule mkanda wa mashine bila kidole chake kunigusa, kama mtu anayefunika chungu cha moto kwa majani, na najua alikuwa anaangalia mashine tu, kwa sababu alikuwa kijana wa adabu, hakuwahi kuniangalia. Mkanda ukajaa upepo ukanibana. Pumzi niliifungia. Sikuitaka hata pumzi yangu imfikie.

"Iko juu, mama," alisema. "Mia na tisini na kitu."

Nikasema asante. Nikatoka nje miguu inatetemeka, nikamwambia binti yangu ni kwa sababu ya ngazi.

Wiki iliyofuata ilikuwa vilevile. Na nyingine vilevile. Dawa nilikuwa nakunywa, wallahi nilikuwa nakunywa, uchungu wake ninao ulimini mpaka sasa. Chumvi nimeacha. Daktari mkuu wa kituo akiangalia zile namba anashangaa, anaongeza. Kidonge kimoja kikawa viwili, kikaja na cha rangi nyingine. Mkwe wangu kila wiki anauliza kwa upole, akielekeza maneno pembeni kama inavyopaswa, "Mama anameza dawa?" Na mimi najibu pembeni, "Mama anameza." Nilijisikia kama mwizi. Niliona kabisa kwamba anadhani namdanganya, na aibu ya kudhaniwa mwongo na mkwe wako ni aibu ya peke yake. Kwa hiyo kila nikirudi nilizidisha heshima. Nilikaza zaidi. Nilikaa juu zaidi.

Kwa nini sikuomba mtu mwingine anipime? Nimejiuliza sana. Ningesemaje? Kusema simtaki mkwe wangu mbele ya wafanyakazi wenzake ni kumtukana. Kusema naona haya ni kuwafanya watu wazifikirie hizo haya. Nikaona bora kujikaza kisabuni.

Kisha nikaanguka. Nilikuwa shambani, napalilia kwa kupapasa kama kawaida yangu, nikainuka ghafla kunyoosha mgongo, dunia ikazunguka, nikajikuta uso katikati ya mistari ya maharage na kitenge kimenivuka. Majirani wakaja kunibeba. Yule yule wa kokoto ndiye aliyenifunika. Jioni nikasikia wanaongea uani kwamba presha ni ugonjwa wa watu wenye hasira, na mimi, kwa ulimi ule, ingeniacha vipi?

Binti yangu alikuja amefura. Akanipakia kwenye gari, akanipeleka kwake mjini. Kulala nyumbani kwa mkwe! Nikakataa katakata, tukabishana barabarani watu wanatuangalia, mwishowe nikakubali kulala kwenye jiko la nje. Mkwe naye alijua la kufanya. Kila akirudi kazini alikohoa tangu getini ili nipate nafasi ya kujificha. Tukawa tunaishi hivyo, yeye anakohoa, mimi nakimbia.

Binti akaazima mashine ya presha kwa mama mmoja mwenye duka la vitenge, mwenyeji wa Tanga, mwenye presha yake ya siku nyingi. Mashine ndogo, unabonyeza yenyewe inajaza. Asubuhi, mume kaenda kazini, akanikalisha mkekani, mgongo ukutani, miguu nimenyoosha, mkono juu ya mto. Akaniambia nitulie nisiongee. Hilo la kutoongea lilikuwa gumu, ila nilijitahidi. Mashine ikalia.

"Mia na kumi," alisema binti.

"Mbovu hiyo," nikasema. "Mrudishie mwenyewe."

Akarudia. Hivyo hivyo. Akajipima yeye, akakuta yake ya kila siku. Akanipima tena jioni, ikawa ileile. Akakaa chini. "Mama, hii ni ndogo. Ndiyo maana ulianguka. Hizi dawa zinakuzidi. Sasa kule kituoni inatoka wapi mia na tisini?"

Nikamwambia labda mashine ya serikali ina nguvu zaidi. Hakucheka.

Huyu binti shuleni anafundisha michezo, na kuna zoezi alikuwa amelipata kwenye mafunzo ya walimu, la watu wenye presha. Unaegemea ukuta, unashuka mpaka umekaa kama uko kitini, ila kiti hakipo, na unabaki hivyo bila kusogea. Alisema wakiliruhusu hospitalini ningeweza kulijaribu baadaye, nikishapona macho, kidogo kidogo. Nikamwuliza litanisaidia nini zoezi la kutosogea. Basi akaona anionyeshe. Akafunga mkanda kwenye mkono wake, akashuka ukutani, akasema, "Nishike paja, mama, usikie."

Nikamshika. Lilikuwa gumu kama mchi.

"Msuli ukikaza hivi bila kusogea unaibana mishipa iliyo ndani yake," akasema, na sauti imeanza kumkatika. "Damu inakosa njia. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu. Na ukibana na pumzi, ndio kabisa, inapaa." Mashine ikalia. Akanisomea: ilikuwa imepanda mbali sana na ile ya mkekani. Kisha akainuka, akapumua, akapumzika kidogo, akajipima tena, na ilikuwa imerudi chini. "Unaona? Ukiachia inashuka. Na mtu akilifanya vizuri, anapumua, anapumzika, wiki kwa wiki, mishipa inajifunza kulegea, na presha yake ya kila siku inapungua. Ila usijipime katikati ya zoezi. Utajitisha bure."

Mimi nilikuwa nimebaki na mkono hewani, pale paja lake lilipokuwa. Ule ugumu niliujua. Ule mtetemeko wa magoti niliujua. Kule kuungua kwa mapaja, kutoka nje ukiwa huna miguu, ukasingizia ngazi. Lo!

"Mama, mbona umenyamaza?"

Mimi sinyamazi. Aliyenizaa aliniambia nililia kabla sijatoka vizuri. Kwa hiyo binti akajua kuna jambo, akaanza kunichokonoa, na mimi nikaanza kuzunguka, mara nasema nimechoka, mara namwuliza mtoto kala nini. Mwisho nikasema, nimejifunika uso kwa kitenge, "Kule kituoni huwa sikai."

"Hukai vipi?"

"Nagusa."

Akaelewa, maana naye nilimfinya mapaja utotoni, ingawa yeye hayakumwingia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, mtoto akaamka akaanza kulia. "Mama! Wiki zote hizi unafanya mazoezi mbele ya mume wangu!" Na nikacheka kidogo mimi pia, kwa aibu. Halafu akaacha kucheka ghafla. Nadhani aliwaza vile vidonge. "Mama, umekuwa ukinywa dawa za ugonjwa wa kiti," alisema, na nikasikia anafuta machozi, na hayo hayakuwa ya kicheko.

Akasema anamwambia mumewe jioni ileile. Nikaruka. Nikamwambia akithubutu nitarudi Kitahana kwa miguu na kaburi langu watalisikia kwa watu. Amwambie nini? Kwamba mama mkwe wake alikuwa ananing'iniza makalio mbele yake, na yeye anapima? Hata maneno hayo mtu atayapangaje mdomoni? Nikamwapia kwamba siku ya madaktari wa macho nitakaa. Nitakaa kama mtu. Tukakubaliana amwonyeshe tu vipimo vya nyumbani, sababu asiitaje. Mkwe akazipeleka zile namba kwa daktari mkuu, dawa zikapunguzwa, ila daktari akaongeza kwamba watu wa macho hawapokei namba ya mashine ya jirani. Watanipima kituoni, asubuhi hiyohiyo, na namba hiyo ndiyo itakayosema nipasuliwe au nirudi nyumbani.

Nikawa najifundisha kukaa. Cheka tu. Mkwe akienda kazini naingia sebuleni kama mwizi, napapasa kile kiti chake cha mto, najishusha. Kila nikifika mwisho, mapaja yananidaka yenyewe. Mwili ulikuwa unamsikiliza mama yangu, haunisikilizi mimi. Mara moja nilifaulu, nikatua kabisa, nikaegemea, na nikaona haya mpaka kwenye kucha ingawa mle hapakuwa na mtu. Nikainuka, nikakifuta kiti kwa kitenge.

Siku ikafika. Kituo kilijaa. Wengine walikuwa wameletwa kwa lori kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na nje kulikuwa na Kiha, Kirundi na kile Kiswahili cha Wakongo kinachoimba. Binti alibaki nje na mtoto. Mimi nikaingia, nikajigonga kwenye goti la mtu aliyekaa kwenye lile benchi, mama wa Kikongo kwa jinsi alivyoomba radhi, pardoni, nikakipata kiti.

"Mwakeye, mama. Kaa."

"Nimekaa, baba."

Na wallahi nilidhani nimekaa! Nilikuwa nimejiambia njia nzima, leo unatua, leo unatua. Lakini niliposikia ile sauti yake ya upole, kitenge nikakivuta usoni, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kiti, na mapaja yakafanya kazi yao yaliyofundishwa. Nikahisi mkanda unajaa. Pumzi, hakuna. Nikahisi unalegea.

Kisha nikasikia anasema, si kwangu, si kwa mtu, "Hapana. Leo pia."

Nilikuwa na mdomo. Ulimi wangu huu uliowatukana watu meno kwa sababu ya kokoto, ulikuwepo mdomoni, mzima. Neno moja lingetosha. Baba, subiri, sijakaa. Sikuweza. Nilisikia anaanza kuufungua mkanda na nikajua nitarudi Nyakitonto kupapasa maharage msimu mwingine mzima, mjukuu ataota meno sijamwona, kwa sababu nimeshindwa kumtajia mwanamume kiti. Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa nimeshazaa na bado naficha.

"We mama!" Sauti ilitoka kwenye benchi, kwa kile Kiswahili cha kwao ambacho kukaa ni kuikala. "Ikala! Tangu uliingia haujaikala! Uko unafanya jimnastiki hapa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kuna mtu alipiga makofi. Na mimi nilibaki palepale, juu juu, kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, mapaja yanatetemeka mbele ya umma, na nikahisi, wazi kabisa, mkwe wangu amegeuza uso kwangu. Mtu akikuangalia kwa mara ya kwanza unajua, hata kama huna macho. Nilitamani ardhi ya Kasulu ipasuke.

Kigoda kikalia. Hatua zake zikatoka mpaka mlangoni, zikashuka barazani. Nikasema basi, amekimbia, na kwa haki. Lakini sauti yake ikarudi, kutoka nje, inaongea na barabara. "Wamwambie mama akae. Aegemee. Asiongee. Mimi niko huku, nimegeuka, sioni."

Yule mama wa Kikongo akainuka. Akaja akaniwekea mikono mabegani, akanisukuma chini pole pole, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Kiti kikalia. Nikatua. Uzito wangu wote wa miaka yote nikauacha pale, na machozi yakanitoka chini ya kitenge, ya aibu tupu.

"Pumua, mama," aliniambia sikioni. "Tansio itashuka. Na miye yangu ilishuka. Pumua, acha hii mambo."

Nikapumua. Kicheko kilikuwa kimekwisha, watu wanakohoa tu. Tulikaa muda wa kutosha ugali kuiva. Mkwe akarudi, akakohoa mlangoni kwanza kama nyumbani, akafunga mkanda. Akapima. Akapima tena. Akapima na mkono wa pili.

"Imeshuka," aliiambia hewa. "Mama apelekwe."

Upasuaji wenyewe haukuwa na la kusimulia. Walinichoma sindano, nikasikia wanaongea, wakanifunga jicho, nikalala wodini.

Asubuhi wakalifungua. Mwanga ulikuja mwingi nikafikiri ni maumivu. Kisha ukatulia, na wa kwanza kumwona alikuwa binti yangu, amezeeka kidogo kuliko nilivyomwacha, na mikononi mwake yule mtoto. Nilimtazama mpaka akaanza kulia. Ana masikio ya babu yake, kweli, yamesimama vilevile. Safari hii nilisema kwa sauti ya chini. Binti akatoka kwenda kunitafutia uji.

Ndipo akaingia mkwe wangu na mashine yake, maana watu wa macho walitaka nipimwe tena. Akavuta kigoda karibu na kiti changu. Mimi nilikuwa nimekaa, tena nimeegemea, nimeapa sitarudia upuuzi. Akaanza kunifunga mkanda, macho yake kwenye mashine kama kawaida. Na mimi nikasahau kuinamisha yangu. Sikuwahi kumwona huyu kijana. Tangu alipoleta posa, nilikuwa nimemjua kwa sauti na koti. Kumbe ni mwembamba. Kumbe ana mvi mbili tatu juu ya sikio, na shingo imelowa jasho asubuhi ya baridi. Nikashuka na macho: koti, mkanda wa suruali, magoti. Magoti yalikuwa yanatetemeka. Na kati ya suruali yake na kile kigoda kulikuwa na nafasi, na mwanga wa dirishani ulikuwa unapita.

Wiki zote zile. Kila mara aliponipima, yeye pia. Mimi sikuwa na macho, yeye hakunitazama, na aibu niliyodhani ni yangu peke yangu alikuwa ameibeba mwenzangu mbele yangu, kwa mapaja yake, bila kusema. Nilijiona mdogo kuliko siku ile ya benchi.

"Kaa, baba," nikamwambia.

Hakuinua macho kwenye mashine.

"Nimekaa, mama," alisema.